Mbwa wa Kuku Mmoja

Anayesema mapenzi hayana bei, mwenzangu, hakuwepo Tabora mwaka ule mtoto wa mbwa alipopanda thamani mpaka akampita mbuzi. Watu walicheka! Pale Ng'ambo, kwenye baraza ya duka la Mzee Nabhan, walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Hawakujua kwamba aliyekuwa akiipandisha bei ile alikuwa nyuma ya pazia, karibu kabisa na walipokaa, ameuma upindo wa mtandio wake ili na yeye asije akacheka.

Alikuwa Zeyana, binti wa mwenye duka.

Nianzie mwanzo, usije ukanihukumia mtoto wa watu bure. Miaka yote Mzee Nabhan alinunua nta na asali kwa warina wa Ipole, kama baba yake alivyonunua kabla yake. Nta ikifika hupelekwa uani, ikachemshwa na kuchujwa kwa gunia, na kazi hiyo ilikuwa ya Zeyana na mama yake, Bi. Masika. Mmoja wa warina hao alikuwa Luhende, kijana mrefu, mwenye maneno machache, ambaye nguo zake zilinuka moshi wa mizinga hata zikifuliwa vipi. Hakuwa mzungumzaji, lakini akikutazama unajiona umesalimiwa. Zeyana alitazamwa hivyo misimu miwili, na moyo wake ukatoka mahali pake usirudi.

Mambo yalipoharibika ni mwaka watu walipohamia vijiji vipya. Ilitangazwa kwamba nta yote sasa itauzwa kwa ushirika, wenye maduka basi, hawatanunua tena. Luhende akaja na mzigo wa mwisho. Bi. Masika alikuwa ndani akiswali adhuhuri, na Zeyana alikuwa peke yake jikoni uani, anakoroga.

"Hii ndiyo ya mwisho," Luhende alisema, akitua gunia.

"Nimesikia."

"Mzee ameniagiza mtoto wa mbwa. Anasema mlinzi wenu amerudi kwao, na wezi wamezidi mjini. Mbwa wangu jike amezaa, nitamletea dume."

"Utamuuza bei gani?"

"Bei!" Luhende alicheka kidogo. "Kwetu mbwa ni kuku mmoja. Hatolewi bure, maana wa bure hakai, atatoroka amrudie mwenyewe. Lakini ni kuku tu. Ukishatoa kuku wako, mmemalizana."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Mmemalizana," Zeyana alirudia. "Haya. Na ukishamleta huyo mbwa, ukachukua kuku wako, utakuja tena hapa na nini?"

Luhende alitazama gunia lake la mwisho, akamtazama Zeyana, na yale macho yake yakasema yote ambayo mdomo ulishindwa.

"Basi usiseme kuku," Zeyana alisema taratibu.

"Niseme nini?"

"Sema mbuzi."

"Mbuzi? Kwa mbwa? Zeyana, baba yako atanifukuza!"

"Humjui baba yangu. Baba hamfukuzi mtu mwenye bei mbaya. Humwambia arudi."

Na kweli. Luhende aliporudi na kutaja mbuzi, Mzee Nabhan alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mbuzi! Wallahi dunia imekwisha! Mbwa anakula vya kwako, anabweka bure, ukimgusa amelowa unajiosha mara saba, na bado nitoe mbuzi? Mwanangu, wewe umelewa asali?"

"Mzee, bei zimepanda. Vijiji vipya viko kando ya pori. Nguruwe mwitu wanamaliza mihogo na mahindi, fisi wanaingia mpaka zizini. Kila nyumba inataka mbwa. Na huyu mama yake alisimama na chui."

"Alisimama naye wakizungumza nini?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Luhende naye akacheka, akitupia pazia jicho la wizi. Hakusema uongo, jamani. Mbwa walikuwa wamepanda kweli mwaka ule. Ila yeye bei yake haikutoka porini, ilitoka uani.

"Nenda ukafikiri," Mzee Nabhan alimwambia. "Urudi wiki ijayo na bei ya binadamu."

Bi. Masika hakumtaka huyo mbwa hata kwa kulipwa. "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa," alisema jioni ile wakati wa chakula.

"Na wezi je, mama Salmini? Wao wanaingia nyumba ipi?" Mzee alimjibu. "Mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake. Atakaa nje, na kopo lake mwenyewe."

"Simsemi mbwa peke yake. Huyo mwenye mbwa naye simpendi. Anatazama mno." Akamgeukia Zeyana. "Ami yako wa Bukene amekwisha kumtaja mwanawe Darwesh. Mwanamke wa ukoo wetu hutoka nyumba hii akaingia ya ami yake, basi. Haendi kwenye mizinga."

Zeyana aliendelea kumega wali. Lakini Salmini, kaka yake, alimfinya mguu pale mkekani. Salmini alikuwa kijana wa mzaha, asiyeweza kumaliza siku bila kumcheka mtu, na hakuna kilichompita. Usiku ule alipokuwa akibeba jamvi lake kwenda kulala dukani, maana tangu mlinzi aondoke yeye ndiye aliyelala huko, alimnong'oneza dada yake mlangoni:

"Niambie kweli. Imepanda bei ya mbwa, au bei ya dada yangu?"

"Kaka, nakuomba."

"Unaniomba nini? Nimekwambia nitasema?" Akacheka chinichini. "Yule bwana kwangu hana neno. Ila mwambie afanye haraka, mbavu zangu zinaumia na ile sakafu. Mimi ndiye mbwa wenu kwa sasa. Nibweke?"

Akabweka kweli, mchizi yule, mpaka Bi. Masika akauliza kutoka ndani kuna nini.

Hivyo ndivyo msimu ule ulivyokwenda. Luhende alikuja, akataja, akarudishwa, akaja tena. Na kila alipokuja alipitia uani kunywa maji, na kila alipokunywa maji alichukua muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu. Pale, kata ikiwa mkononi, alimwambia Zeyana habari za kijiji kipya, za mizinga aliyoiacha mbali, za maalimu mmoja aliyemwendea kuuliza mtu akitaka kusilimu afanye nini.

"Ulimwendea kweli?" Zeyana aliuliza.

"Nilikwenda. Nikisilimu nitamkabili mzee, nimwambie. Unipe muda kidogo tu."

"Muda ninao. Wewe bei unayo?"

Siku moja mambo yakageuka. Mzee Nabhan, aliyezoea kukataa, alikohoa, akazungusha tasbihi, akasema, "Haya. Mbuzi mmoja. Nimechoka. Kijana wangu analala chini kama mzigo wa chumvi. Mlete huyo mbwa wako."

Luhende aliganda. Alitazama pazia. Na Zeyana, aliyechungulia pembeni mwa pazia, alitikisa kichwa kukataa. Nakwambia alitikisa kichwa! Mara moja tu, polepole, kwa sababu maalimu alikuwa bado hajamaliza kumfundisha Luhende na yeye hakuwa tayari kumkosa hata wiki moja.

"Mzee," Luhende alisema, akiwa na haya usoni, "kuna mtu wa Sikonge ametaja ndama."

"Ndama!" Mzee Nabhan alisimama. "Ng'ombe kwa mbwa! Toka! Urudi ukipona!"

Baraza ilicheka kupita siku zote. Salmini alicheka mpaka akashika ukuta.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya alfajiri, wezi walivunja mlango wa nyuma wa duka. Walitaka sukari na vitambaa, vitu vilivyokuwa adimu wakati ule. Salmini aliamka. Hakukuwa na mbwa wa kubweka, hivyo alipiga kelele mwenyewe, na wakamnyamazisha kwa nondo ya kichwa. Majirani walipofika walimkuta juu ya jamvi lake, redio imechukuliwa, na sukari imemwagika mpaka barabarani. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya Ijumaa.

Wahenga wamesema mchuma janga hula na wa kwao. Zeyana alikula lake kimya kimya. Alilia mpaka sauti ikakauka, lakini kilichomkata maini hakikuwa kilio chake, kilikuwa maneno ya baba yake. Kila aliyekuja kumpa mkono Mzee Nabhan aliambiwa jambo lile lile.

"Ubahili wangu ndio umemuua mwanangu. Nilifanyia mzaha bei ya mbwa. Ningetoa ndama tu, ndama ana nini? Nimekaa hapa nabishana, watu wananichekea, na mimi najiona hodari wa kupatana. Mtoto wangu nimemuuza kwa ndama."

"Ni amri ya Mungu, Mzee Nabhan," watu walimwambia.

"Amri ya Mungu, ndiyo. Na ubahili wangu."

Hakuweza kula. Alipungua, kanzu ikawa inamning'inia, na duka hakulifungua. Bi. Masika alimsihi, akachoka, akabaki kumtazama. Na kila usiku Zeyana alijiambia, kesho nitamwambia, na kila alfajiri ulimi ulikuwa mzito kuliko jana.

Arobaini ilipokwisha, Luhende alikuja. Alipitia uani kama zamani, ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mbwa, dume la rangi ya kahawia, masikio yamekwisha kusimama. Hakuwa mtoto tena. Bei ilipokuwa ikipanda, yeye alikuwa akikua.

"Pole, Zeyana," alisema. Uso wake ulikuwa umekwisha. "Habari zilichelewa kutufikia. Ningekuja siku ile ile."

"Ungekuja kufanya nini?"

Luhende aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimesilimu. Mwezi uliopita. Sijui kama huu ni wakati wake, lakini nikiondoka leo bila kusema na baba yako sitapata sababu ya kurudi. Nipe ruhusa niseme naye."

Yarabi, jinsi alivyompenda! Alimwona amesimama pale na kofia mpya ya kitambaa isiyomkaa sawa, na alitamani kumsogelea aiweke vizuri. Hakusogea.

"Kampe pole kwanza," alisema.

Luhende alizunguka mbele. Zeyana akaenda mahali pake pa siku zote, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Mungu amrehemu Salmini."

"Marahaba, mwanangu. Amin." Mzee Nabhan alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, lakini baraza ilikuwa tupu. Alimtazama mbwa muda mrefu. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, mzee."

"Mzuri. Miguu mizuri." Akameza mate. "Basi nisikilize. Leo sibishani. Kubishana kumeniponza. Wewe sema tu unachotaka. Ndama, sawa. Ng'ombe mzima, sawa. Chochote kilichomo ndani ya nyumba hii ukikitaja, wallahi nakupa, sitasema hata neno. Nataka niwe nimelipa. Umenielewa? Nataka nilipe, labda nitalala."

"Mzee, mimi sitaki kitu."

"La! Wa bure hakai, ndivyo msemavyo kwenu. Taja."

Luhende aliinua macho, akatazama pazia. Zeyana aliona kifua chake kikipanda. Alijua anachotaka kusema. Neno moja tu lilikuwa limebaki. Baba yake amekwisha kuapa, na baba yake havunji kiapo. Darwesh wa Bukene angesahauliwa, mama angelia siku mbili tatu akanyamaza, na yeye angevuka mlango ule mchana kweupe pamoja na mtu aliyempenda. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kukaa kimya tu.

"Mzee," Luhende alianza, "kama ni kweli chochote..."

Zeyana alifungua pazia akatoka barazani.

"Bei ni kuku mmoja, baba."

Mzee Nabhan aligeuka. "Rudi ndani, mwanangu. Hujui haya."

"Nayajua. Tangu siku ya kwanza ilikuwa kuku mmoja. Huyu alitaka kukuletea mbwa msimu ule wa nta, kwa kuku. Mimi ndiye niliyemwambia aseme mbuzi. Na ulipokubali mbuzi, mimi ndiye niliyemkataza. Nilikuwa pale." Akaonyesha pazia. "Nilitaka awe anarudi. Wewe hukuwa bahili, baba. Wewe ulikubali. Aliyekataa ni mimi."

Mzee Nabhan alimtazama binti yake kama anayemsoma mgeni. Akamgeukia Luhende.

"Anasema kweli?"

"Kweli, mzee. Lakini kosa ni langu. Mdomo uliotaja ulikuwa wangu."

"Nyamaza wewe." Akamrudia Zeyana, na sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Salmini alijua?"

"Alijua, baba."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alisema yeye ndiye mbwa wetu kwa sasa. Akabweka pale mlangoni."

Hapo ndipo Mzee Nabhan alipolia. Tangu mazishi alikuwa hajatoa chozi mbele ya watu, akisema mwanamume huvumilia, lakini kule kubweka kulimvunja. Alilia kwa sauti, kofia usoni, na ndani yake kulikuwa na kitu kama kicheko, kwa maana alimwona mwanawe vile alivyokuwa. Bi. Masika alitoka mbio akasimama mlangoni. Alikuwa amesikia, ilionekana usoni. Hakumtazama Zeyana.

Alipokwisha kulia, mzee alijifuta.

"Mama Salmini. Kamata kuku."

"Yupi?"

"Yeyote."

Kuku akaletwa, jike jekundu, akipiga mabawa. Mzee Nabhan alimkabidhi Luhende mwenyewe, mkono kwa mkono.

"Bei yako. Tumemalizana."

"Mzee, naomba uniruhusu neno moja. Nampenda binti yako. Nimesilimu, nilikuja kwa heshima..."

"Nimekusikia. Dini ni ya Mungu, akukubalie. Sikulaani, na yeye simlaani." Mzee alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulitisha kuliko hasira. "Lakini nikikuona barazani kwangu nitamsikia Salmini akicheka. Siwezi, mwanangu. Nenda. Umelipwa."

Luhende alisimama na kuku kwapani. Alimtazama Zeyana, na kwa mara ile moja maneno yakamtoka.

"Ungenyamaza tu, Zeyana. Neno moja lilikuwa limebaki."

"Ningenyamaza, baba angekufa akijilaumu kwa kosa langu," Zeyana alisema. Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka shingoni, hakuyafuta. "Na mimi nikiwa kwako, ningekutazamaje kila asubuhi? Nakupenda. Nenda."

Akaenda. Alipita mbele ya maduka yaliyofungwa kwa ajili ya adhuhuri, ile kofia mpya imekaa upande, hakugeuka. Kuku ndiye aliyepiga kelele. Alilia njia nzima, na Zeyana alimsikia mpaka alipopotelea upande wa stesheni. Hata baadaye alidhani bado anamsikia.

Mbwa alivuta kamba akitaka kumfuata bwana wake. Alifika ukingoni mwa baraza, akanusa hewa, akalia kidogo. Kisha akarudi, akazunguka zunguka, akaenda kulala kwenye kizingiti cha duka, palepale lilipokuwa likitandikwa jamvi.

Zeyana aliogopa kumtazama baba yake. Alisubiri afukuzwe ndani, atukanwe, atajiwe Bukene. Mzee Nabhan alikaa na tasbihi mkononi bila kuihesabu, macho yako kwenye kizingiti.

"Zeyana," alisema mwishowe.

"Labeka, baba."

"Mpe maji mbwa wa kaka yako."